Hiyo Fensi Inayolia Tik-Tik Juu ya Ukuta Ina Historia Mbaya, na Jua Limo Ndani

Ukiishi Nairobi umeizoea hadi hauioni tena. Nyaya tano sita juu ya ukuta wa ploti, kibao cha manjano chenye mkono unaopigwa na radi, na usiku mtaa ukitulia unasikia tik, tik, tik. Tumekua na hiyo sauti. Wengine wetu tumepoteza mipira kadhaa juu yake tukiwa watoto. Lakini uliza mtu yeyote hapo kwa kibanda cha smokie hiyo kitu ilitoka wapi, atakuangalia tu kama umemuuliza mvua ilitoka wapi.

Mimi nimekuwa nikisoma hii story kwa wiki kadhaa, na msimamo wangu nauweka hapa mapema ndio usiseme nimekuvizia: fensi ya umeme ilizaliwa kama silaha ya wakubwa, na kilichoifanya iwe kitu ambacho shosho yako anaweza kuwa nacho shambani si roho nzuri ya mtu yeyote. Ni betri ya volti 12 na paneli ya sola. Ukitaka kupinga, pinga, lakini maliza kusoma kwanza.

Tuanze pabaya. Katika vita vya Urusi na Japani vya 1904 na 1905, Warusi waliokuwa wakiilinda Port Arthur, huko China, waliweka nyaya zenye umeme mbele ya ngome zao. Miaka kumi baadaye, 1915, jeshi la Ujerumani lililokuwa limeikalia Ubelgiji likajenga ua wa umeme kwenye mpaka wa Ubelgiji na Uholanzi. Uholanzi haikuwa vitani, kwa hivyo kila mtu aliyetaka kutoroka alielekea huko: vijana waliotaka kujiunga na jeshi lao upande wa pili, wabeba barua za siri, wachuuzi wa magendo, wanajeshi waliochoka na vita. Umeme ulikuwa wa volti takriban 2,000 na haukukatika. Watu wa pale waliuita waya wa mauti, na haikuwa tamathali ya usemi. Mamia walikufa. Wengi hawakuwa hata wamewahi kuwa na stima nyumbani kwao, kwa hivyo waya mwembamba usiotoa moshi wala sauti haukuwatisha. Wajanja walijifunza kupita kwa kutumia mapipa yaliyotobolewa pande zote mbili, au fremu za mbao walizozisukuma katikati ya nyaya.

Shika hilo neno, haukukatika, kwa sababu historia yote inayofuata inazunguka hapo. Umeme ukipita mwilini bila kupumzika, misuli inakaza. Mkono ulioshika waya hauwezi kuuachilia. Unashikwa na kitu ulichokishika. Ndio maana hadi leo mtu akichomeka waya wa fensi moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani ili kuokoa pesa, hajajenga fensi. Ametega mtego wa kuua, na wa kwanza kuingia huwa ni mtoto wa jirani au yeye mwenyewe. Kama kuna mtu kwenu amefanya hivyo, acha kusoma uende umwambie achomoe. Hii post itakungoja.

Kutoka hapo tunaruka hadi New Zealand, karibu na mji wa Hamilton, miaka ya 1930. Kuna jamaa anaitwa Bill Gallagher, mkulima na fundi wa kujifunza mwenyewe, yaani jua kali kabisa. Alikuwa na farasi aliyependa kujikuna kwenye gari lake. Gallagher akaliunganisha gari na koili ya kuwashia injini, mnyama akijisugua anapigwa shoti kidogo. Farasi akaacha. Kutoka kwa huo ujanja, mnamo 1936 na 1937, zikatoka mashine za fensi za mifugo, na baadaye kampuni nzima yenye jina lake. Marekani nao walikuwa wameanza kutumia fensi za umeme kwa mifugo katika miaka hiyohiyo.

Shida ilikuwa moja. Nyasi. Nyasi ikiota ikagusa waya, umeme unavuja kupitia hapo kwenda ardhini, na fensi inakufa baada ya mita mia chache. Mkulima anageuka kuwa mtumwa wa panga, anafyeka chini ya waya kila wiki. Mnamo 1962 mvumbuzi mwingine wa New Zealand, Doug Phillips, alitafuta njia nyingine. Badala ya kumimina umeme kidogo kidogo, ukusanye kwenye kapasita, halafu uuachilie wote kwa mpigo mmoja mkali na mfupi sana, mfupi hata nyasi haiwezi kuula wote. Ghafla fensi iliyokuwa ikifika mita mia chache ikaweza kwenda makumi ya kilomita.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu bila hii huwezi kuelewa sola iliingilia wapi.

Ile boksi tunayoiita enajaiza inakunywa volti 12 polepole kutoka kwa betri. Inajaza kapasita. Kisha, karibu mara moja kila sekunde, inamwaga kila kitu kupitia transfoma, na waya unapanda hadi volti elfu kadhaa kwa muda ambao haufiki hata sekunde moja ukiigawa mara elfu. Halafu kimya. Hiyo ndiyo tik. Viwango vya kimataifa vinasema mpigo mmoja na mwingine vitengane kwa angalau sekunde moja, na nguvu ya mpigo isizidi jouli 5 ikipimwa kwenye ukinzani wa omu 500. Jouli 5 ni nini? Chukua pakiti ya nusu kilo ya sukari, iangushe kutoka kimo cha mita moja. Nguvu inayofika nayo sakafuni ndiyo hiyo. Inauma kwa sababu imebanwa katika muda mfupi, lakini kati ya mpigo na mpigo misuli inalegea, na uko huru kuruka nyuma ukilaani.

Sasa piga hesabu. Jouli 5 kila sekunde ni wati 5. Weka na zinazopotea njiani, bado uko kwenye kiwango cha balbu ndogo ya kuokoa stima. Ule waya wa mauti wa Ubelgiji ulihitaji majenereta na wanajeshi. Fensi ya mpigo inahitaji kile ambacho balbu ya chooni inatumia. Na kwa sababu inaomba kidogo hivyo, inaweza kulishwa na kitu cha upole kama jua.

Jua nalo lina tarehe yake, na hii iliponigonga nilisimama nikazunguka nyumba. Tarehe 25 Aprili 1954, maabara ya Bell huko Marekani ilionyesha hadharani seli ya sola ya silikoni iliyotengenezwa na Daryl Chapin, Calvin Fuller na Gerald Pearson. Ilibadilisha takriban asilimia 6 ya mwanga kuwa umeme, na waliitumia kuzungusha kichezeo. Siku moja kabla, tarehe 24 Aprili 1954, Nairobi ilikuwa imezingirwa. Ndiyo Operesheni Anvil. Wanajeshi na polisi wa kikoloni walifunga mji, wakapita nyumba kwa nyumba, na makumi ya maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapelekwa kuchujwa nyuma ya seng'enge, wengi wao Lang'ata. Upande mmoja wa dunia watu wanapigia makofi kichezeo kinachozungushwa na jua. Upande wetu waya ulikuwa na kazi nyingine.

Na haikuwa waya tu. Katikati ya miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilitumia kazi ya lazima kuchimba mtaro mrefu kwenye ukingo wa msitu wa Mlima Kenya, maili 50 hivi, yaani kama kilomita 80, wenye vijiti vya mianzi vilivyochongwa chini. Lengo lilikuwa kuwatenga wapiganaji wa Mau Mau walio msituni na watu wao vijijini, chakula kisivuke. Waliouchimba wengi walikuwa wanawake, kwa sababu wanaume walikuwa kizuizini, msituni au kaburini.

Kwa shosho yangu ni Kirinyaga, upande huo. Alikuwa mtoto mdogo wakati ule. Mama yake aliondoka alfajiri na jembe, si kwenda kulima, na jioni alirudi hawezi kukunja vidole. Kwa hivyo miaka michache baada ya 2012, wakati ujenzi wa fensi ya umeme kuzunguka Mlima Kenya ulipokuwa ukisogea na watu wakaitwa baraza waelezwe, shosho alikuwa na swali moja tu. Alisema, "Mniambie, hii inafungia ndovu ndani ama inatufungia sisi nje?" Kuna watu walicheka. Mimi naona lilikuwa swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa siku hiyo.

Lakini nimerukia mbele. Sola ilifikaje huku? Kwanza ilienda angani, kwa sababu huko hakuna mtu wa kuuza tokeni. Mwaka 1958 setilaiti ya Vanguard 1 ilirushwa na seli za sola. Tarehe 12 Desemba 1970, siku yetu ya uhuru, setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini, nje kidogo ya Malindi, ikapewa jina Uhuru. Ilikuwa na paneli za sola. Yaani kabla vijiji vingi vya Kenya havijaona paneli, moja ilikuwa imeshapaa kutoka pwani yetu kwa jina la Kiswahili. Maze.

Bei ilikuwa ndoto. Ilianza kushuka miaka ya 1970, na mwaka 1984 Mmarekani mmoja anaitwa Harold Burris, injinia aliyekuwa akiishi upande wa Meru, alifunga mfumo wa sola katika shule ya sekondari ya Karamugi, ambayo ilikuwa karibu kununua jenereta ya dizeli. Mwenzake katika hiyo kazi, Mark Hankins, alikuwa mwalimu pale. Mafundi wa mitaa walifunzwa, na kutoka hapo sola ikasambaa kwenye maeneo ya chai na kahawa, bila serikali na bila mradi mkubwa. Mtu aliuza kahawa, akanunua paneli ndogo na betri, akaangalia televisheni ya nyeusi na nyeupe. Kabla ya hapo wengi walikuwa wakibeba betri ya gari kwa baiskeli hadi sokoni ichajiwe, wairudishe, iishe, waibebe tena. Ukiona jinsi familia za Mlima Kenya zilivyozoea betri na sola mapema kuliko mikoa mingi, jua ilianzia hapo.

Sasa rudi msituni. Mwaka 1988 shirika la Rhino Ark lilianzishwa, likiongozwa na Ken Kuhle, kuokoa vifaru weusi wa Aberdare ambao ujangili ulikuwa unawamaliza. Walichangisha pesa kwa mashindano ya magari porini, Rhino Charge, kuanzia 1989. Mwanzoni mpango ulikuwa kuzungushia sehemu ndogo tu ya upande wa mashariki. Halafu wakulima wa nje ya hiyo sehemu wakasema, na sisi je? Ndovu akikula viazi vyako usiku mmoja, ada ya shule imeenda. Mpango ukakua hadi kuzunguka milima yote, takriban kilomita 400, na Agosti 2009 Rais Mwai Kibaki akausherehekea ukikamilika. Miaka ishirini ya kazi. Wewe wa Nairobi, usidhani haikuhusu: sehemu kubwa ya maji ya mji huu inatoka Ndakaini na Sasumua, na maji ya mabwawa hayo yanatoka kwenye hiyo milima.

Kuna watu wa mtandaoni wanaosema fensi zote za wanyama ni ukoloni uliopakwa rangi ya kijani. Naelewa hasira hiyo, na kwa mahali pengine wana haki. Lakini waende wamwambie hivyo mtu aliyekuwa akilala kwenye shamba la mahindi na debe la kupiga kelele kila usiku wa msimu mzima. Tofauti ya mtaro wa 1955 na fensi ya leo haiko kwenye waya. Iko kwenye maswali ya kawaida sana: geti liko wapi, nani ana ufunguo, kina mama wanaruhusiwa kuingia kuokota kuni siku gani, na kijana anayelipwa kufyeka nyasi chini ya waya anatoka kijiji gani. Pale majibu yanapotoka kijijini, fensi inasimama. Pale yanapotoka ofisi ya mbali, waya unakatwa na betri inaibiwa, na mimi siwezi kushangaa sana.

Ndovu nao hawajakaa bure. Pembe haipitishi umeme vizuri, na wao waligundua. Ndovu mjanja anakata waya kwa pembe, au anaangusha mti juu ya fensi, au anang'oa nguzo kwa upole kama mtu anayefungua zipu. Pia fensi inaweza kuwakatia njia zao za zamani, ndio maana upande wa kaskazini wa Mlima Kenya iliachwa njia maalum ya kuelekea Ngare Ndare na Lewa, wakipita chini ya barabara kuu ya Nanyuki kwenda Meru. Huko Sagalla karibu na Voi wameamua kutumia mizinga ya nyuki badala ya umeme. Ndovu anamwogopa nyuki kuliko volti 7,000. Heshima kwa nyuki.

Lakini kama unataka kuona hii historia yote ikigeuka upande wetu, mwangalie Richard Turere. Mvulana wa Kimaasai, anaishi kusini mwa mbuga ya Nairobi, upande usio na ua, simba wanavuka usiku wanakula ng'ombe wa baba yake. Ana umri wa miaka 11 hivi. Anagundua kwamba simba wanaogopa mwanga unaotembea. Anachukua betri kuukuu ya gari, paneli ya sola, kifaa cha indiketa kutoka pikipiki na balbu za tochi zilizoharibika, anazipanga kuzunguka boma ziwake kwa zamu kama mtu anayezunguka na tochi. Simba wakaacha kuja. Mwaka 2013 alisimama jukwaani TED huko Marekani akiieleza dunia. Hana waya, hana shoti. Betri, jua na kitu kinachokatika na kurudi, kinachokatika na kurudi. Ni wazo la Phillips lililozaliwa upya Kitengela, na sidhani mtoto yule alikuwa amewahi kumsikia Phillips.

Kuna mtu ataniuliza, sawa, mimi nahitaji nini kuweka yangu? Chukua enajaiza ndogo inayokula ampea 0.3 kwa volti 12. Kwa saa 24 hiyo ni ampea-saa 7.2, au wati-saa 86 hivi. Unataka ivumilie siku nne za mawingu, hiyo ni ampea-saa 29. Betri usiishushe chini ya nusu, kwa hivyo nunua ya 60, na iwe betri ya sola, si ya gari. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, ukiifanya inyonywe polepole usiku kucha inakufa kabla ya mwaka. Paneli usiipime kwa jua la Januari. Ipime kwa Julai, ukungu umekaa hadi saa saba mchana na una saa tatu tu za jua la maana. Wati-saa 86 ugawe kwa saa 3 ni karibu wati 29, ongeza zinazopotea, chukua ya wati 40 au 50. Iinamishe kidogo mvua iioshe. Halafu vyuma vya ardhini, vile vya kurudisha umeme, usivifanyie ubahili. Ndege anatua kwenye waya bila shida kwa sababu hajagusa ardhi, na mnyama akisimama kwenye mchanga mkavu kabisa naye anakuwa kama ndege. Kwa sehemu kavu kama Kajiado mafundi wanapishanisha waya wa moto na waya wa ardhi ili mnyama aguse zote mbili.

Shosho ana fensi yake ndogo siku hizi, ya ng'ombe wawili wasiingie kwenye kabichi na napia. Fundi wa kwanza, ambaye simtaji, alimuuzia betri ya gari akimwambia ni ya sola. Ilidumu miezi saba, ng'ombe wakagundua kabla ya binadamu, na kabichi za msimu zikaenda. Usiku wa 25 Agosti 2023, nchi nzima ilipokosa stima na hata uwanja wa ndege wa JKIA ukakaa giza, alikuwa na betri mpya tayari. Alinipigia simu kuniambia kwake inalia kama kawaida, na kuniuliza sisi wa mjini tunafanya aje.

Betri hiyo mpya ililetwa na msichana wa Kutus wa rika langu, amesomea umeme, anazunguka na pikipiki. Alimwachia kipimo kidogo chenye taa tano, unakishikisha waya unaona nguvu. Shosho hupima kila jioni baada ya kukamua na kuandika kwenye kalenda ya ukutani, kando ya tarehe. Nimeiona. Taa nne, taa nne, taa tano, taa nne. Julai imejaa taa tatu.